"Hiyo ni ya Serikali"



Kuna neno moja limekuwa la kawaida mno vinywani mwa watu wa mji wetu wa Masasi, nalo ni "hiyo ni ya serikali." Bomba likipasuka njiani, maji yakimwagika kutwa, mpita njia huruka dimbwi akasema ni la serikali. Mfereji ukizibwa kwa takataka, nao ni wa serikali. Ninakaa Mkomaindo, mahali ambapo wengi wa kusini hupajua kwa sababu ya hospitali, na neno hilo nalisikia kwa mzee na kwa kijana, kwa msomi na kwa asiyesoma. Nataka tulitazame kwa insafu, maana si la uvivu tu kama wanavyodai wakubwa wetu. Lina asili yake.

Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na baadaye tawi lake likafika hapa Masasi. Mradi ukafa, na reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Sijapata kusikia kwamba mkaazi wa Masasi aliulizwa ije, wala kwamba aliulizwa iondoke. Mwaka 1972 halmashauri zikavunjwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, na ushirika ndicho chombo ambacho mkulima wa korosho alikuwa na haki ya kukiita chake. Katika miaka hiyo hiyo watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki nyuma msituni. Nchi iliyovuna tani 145,000 hivi za korosho msimu wa 1973/74, ilivuna chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ushirika na halmashauri vilirudishwa baada ya mwaka 1982, lakini mtu aliyepokonywa chombo chake akirudishiwa hukipokea kama cha kuazima.

Basi hiyo ndiyo asili. Amma udhuru, ni jambo jingine.

Januari 2013 ugomvi wa waendesha bodaboda na polisi uliuwasha mji huu. Watu walikufa, na hao ndio wa kwanza kuliliwa. Ofisi za umma na magari yakachomwa, na nyumba za wabunge pia. Sitetei askari anayepiga raia. Askari asipoulizwa na sheria, raia huuliza kwa mawe, na hilo wakubwa walijue. Lakini waliowasha moto walidhani wanamchoma nani? Gari la halmashauri likiungua, halinunui waziri kwa mshahara wake. Hulipwa kwa ushuru unaokatwa katika korosho ya shangazi yako kule Chiungutwa, ambaye siku hiyo hakuwa hata na habari ya ugomvi.

Na kuna moto usio na moshi, ambao mimi nauogopa zaidi: kangomba. Tangu 2007 korosho zetu zauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka kwenye chama, hupimwa kwa mizani, huuzwa kwa mnada. Utaratibu huo una kasoro zake, malipo huchelewa na makato ni mengi. Hapo ndipo aingiapo jirani mwenye fedha. Humjia mkulima wakati wa njaa, kabla ya msimu, humpa shilingi kidogo, kisha huja kuchukua korosho kwa bakuli lake linalozidi kilo, kwa bei aipendayo yeye. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa kutumia jeshi, ilitangaza kuwa watu wa kangomba hawatalipwa, ikahakiki mashamba. Wakapiga kelele kwamba wamedhulumiwa! Hawa si wageni, ndugu msomaji. Tunawajua kwa majina, twaswali nao, nao hutoa sadaka ya kuonekana. Mchango wa msikiti ukitoka katika bakuli hilo, imamu ana haki ya kuuliza.

Panda sasa uwanda wa Newala. Kule juu hakuna mto. Zamani akina mama walikuwa wakiteremka gengeni hadi bondeni, wakapanda na mtungi kichwani. Miaka ya 1950 ndipo maji yakaanza kusukumwa juu kwa mitambo. Majumbani pia watu wamechimba visima vya kuvuna mvua, na kisima cha mtu husafishwa kabla ya masika, hufunikwa, mtoto akikichezea huchapwa. Bomba la wote lililo hatua hamsini hugeuzwa kihame. Sayyidna Uthman alinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawapa watu wa Madina, nacho hakikuwa cha serikali wala cha Uthman tena. Watu wakakitunza.

Hapa kwetu akifa mtu, njia hujaa. Hakuna anayesubiri barua. Makaburi huchimbwa, chakula hupikwa, hesabu ya rambirambi husomwa mbele ya wote hadi shilingi ya mwisho, na ole wake mshika fedha atakayekosea! Ukiitishwa mkutano wa mtaa, huja wazee saba na watoto waliofuata kipaza sauti. Mwenyekiti husoma mapato na matumizi upesi upesi, wazee huitikia, mkutano hufungwa. Ni watu wale wale. Mkutano ujao nendeni kama mwendavyo matangani, na mmoja asimame aulize ushuru wa soko umeingia kiasi gani, na risiti ziko wapi.