Faharasa na Mswada Mrefu: Uhakiki wa Namna Tunavyotia Alama za Vidahizo vya Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kuhakiki kazi ambayo aghalabu haihesabiwi kuwa ya kitaaluma, nayo ni utengenezaji wa faharasa. Vitabu vingi vya isimu na fasihi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, ambavyo twawatuma wanafunzi wetu wakavisome, ama havina faharasa kabisa, ama vina orodha fupi ya majina ya watu iliyobandikwa mwishoni kama kiraka. Mwandishi akiulizwa husema kwamba muda haukutosha, au kwamba mchapishaji hakuitaka. Sababu hizo huenda zikawa za kweli, lakini hazitoshi. Kwa maoni yangu liko jambo jingine lililo kubwa zaidi: zana tunazozitumia kutia alama za faharasa katika tarakilishi ziliundwa kwa kuzifikiria lugha ambazo jina huanza kwa herufi ile ile katika umoja na wingi, nasi tumezipokea bila ya kuziuliza swali lolote.

Tuanze na neno lenyewe. Faharasa, au fahirisi, ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao nao walilipata kwa Waajemi. Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyetunga Kitab al-Fihrist mnamo mwaka 987, alikusudia orodha ya vitabu, wala hakukusudia orodha ya mambo yaliyomo ndani ya kitabu kimoja. Kwetu neno hili limekuwa na kazi tatu. Huyu huliita faharasa jedwali la sura lililo mwanzoni, yule huiita hivyo sherehe ya maneno magumu, na wa tatu hukusudia orodha ya mada na namba za kurasa zake iliyo mwishoni. Katika makala haya ninalitumia kwa maana hii ya tatu pekee. Ninatumaini wenzangu wa istilahi watatuamulia siku moja.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa kadi. Mwandishi alingoja kurasa za mwisho zitoke kwa mpiga chapa, akazisoma tena moja baada ya moja, na kila dhana akaiandikia kadi na namba ya ukurasa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilimlazimisha mwandishi akisome kitabu chake kwa jicho la mtu anayekuja kutafuta. Waingereza waliiheshimu kazi hiyo hata wakaiundia chama chake mwaka 1957. Tarakilishi imeondoa kadi na kungoja. Alama sasa hutiwa ndani ya mswada wenyewe wakati mwandishi angali anaandika, na mashine ndiyo inayohesabu kurasa.

Katika programu ya Microsoft Word, kwa mfano, mwandishi huteua neno, hubonyeza Alt, Shift na X kwa pamoja, kisha hukiandika kidahizo katika kisanduku kinachotokea. Programu huchomeka pale pale alama yenye herufi XE na kidahizo hicho ndani ya mabano, nayo ni maandishi yaliyofichwa, yasiyotokea karatasini. Baadaye mwandishi huagiza faharasa ijengwe, na programu huzikusanya alama zote, huzipanga kwa alfabeti na kuziwekea namba za kurasa. Mswada ukibadilika, huagiza faharasa ifanywe upya. Hapana shaka kwamba huu ni utaratibu mzuri, maana alama huandamana na maneno yake. Aya ikihamishwa kutoka sura ya pili kwenda ya tano, alama iliyomo huhamia huko nayo.

Lakini mswada mrefu hauhaririwi kwa kuhamisha aya nzima nzima tu. Mhariri hukata nusu ya sentensi na kuiandika upya, hunakili aya mahali pawili ili aamue baadaye ni wapi panapofaa, na huunganisha sura mbili. Katika mambo hayo yote alama iliyofichwa yaweza kupotea pamoja na neno lililofutwa, yaweza kubaki pekee yake mahali ambapo mjadala umekwisha ondoka, na yaweza kuwa mbili. Yanayoleta matata zaidi ni marejeo ya kurasa zinazofuatana. Ili faharasa iseme kwamba mada fulani imeelezwa kuanzia ukurasa 40 hadi 47, Word hutaka maandishi hayo yote yapewe jina la alamisho, na kidahizo kirejelee jina hilo. Aya ya mwisho ikihamishwa bila uangalifu, kurasa nane zitageuka tano, au alamisho litatoweka kabisa na faharasa itatoa tangazo la kosa badala ya namba.

Liko pia tatizo la istilahi, nalo latuhusu sisi hasa. Mwandishi wetu aliyeanza kuandika kwa kutumia neno istiari, akashauriwa na wasomaji wa mswada atumie sitiari, ataiagiza programu ilibadilishe neno hilo kila lilipo. Programu itatii, lakini haitaliona neno lililo ndani ya alama zilizofichwa, maana kisichoonyeshwa kwenye kioo hakitafutwi. Matokeo yake ni kitabu kizima chenye sitiari na faharasa yenye istiari. Tena akiendelea kutia alama mpya baada ya badiliko hilo, faharasa itakuwa na vidahizo viwili vya dhana moja, kimoja chini ya I na kingine chini ya S, kila kimoja na kurasa zake. Msomaji atakayekiona kimoja atadhani ameona yote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Watengenezaji wa programu, wakijua kwamba kutia alama moja moja huchosha, wametoa njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kuagiza kwamba neno lililoteuliwa litiwe alama kila mahali. Word hulitia alama mara moja katika kila aya lilimo, mradi liwe limeandikwa vile vile, hata kwa herufi kubwa na ndogo. Ya pili ni kutayarisha hati ya pembeni yenye jedwali la safu mbili, upande mmoja neno la kutafutwa na upande wa pili kidahizo chake, kisha kuiacha programu ipite mswada mzima. Wenzetu waandikao Kiingereza hulalamika kwamba njia hizi huzalisha faharasa zisizo na akili. Sisi tuna malalamiko makubwa zaidi.

Tuchukue kitabu cha fasihi simulizi. Neno methali li katika ngeli ambayo umoja na wingi wake ni mamoja, na kwa hivyo mashine italiona karibu kila mahali. Kitendawili nacho hugeuka vitendawili, na katika mjadala wa kawaida mwandishi hutaja wingi mara nyingi kuliko umoja. Mwandishi aliyeteua umoja pekee atapata faharasa ambamo methali ina kurasa thelathini na kitendawili kina nne, hata ikiwa alivijadili kwa usawa. Hivyo ngeli ya jina ndiyo inayoamua umaarufu wa dhana. Sitiari, tashbihi, takriri na ngano zitastawi. Mshororo, ubeti, kibwagizo na mhusika zitadhoofika. Mwanafunzi anayeipima kazi kwa faharasa yake, na wako wengi wanaofanya hivyo, atajenga picha ya fasihi yetu iliyochorwa na viambishi.

Yuko atakayesema kwamba dawa yake ni nyepesi: jedwali litiwe umoja na wingi, yote yaelekezwe kwenye kidahizo kimoja. Dawa hiyo yafaa kwa kitendawili. Haifai kwa kina. Mhakiki wa ushairi anataka faharasa ionyeshe mahali anapojadili vina vya shairi. Akiiagiza mashine itafute kina na vina, itamletea "kitabu kina kurasa mia", "vitabu vina makosa", "kulijadili jambo kwa kina", "kina mama wa Lamu" na kina cha bahari, kila moja ikihesabiwa kuwa mjadala wa urari wa sauti. Mfano huu sikuutafuta mbali. Kina ni miongoni mwa istilahi za kwanza anazofundishwa mtoto anayesoma ushairi. Na hata tukiyaacha maneno yafananayo, iko minyambuliko. Mwandishi hueleza usimulizi katika aya nzima kwa kutumia husimulia, anasimuliwa, msimulizi na masimulizi, bila ya kulitamka neno usimulizi hata mara moja.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yangu: kidahizo hakitokani na neno lililoandikwa, bali kinatokana na jambo linalosemwa. Mtu anayeuchambua Utendi wa Mwana Kupona, ambamo mama anamuusia bintiye, aweza kuandika kurasa kumi juu ya malezi na ndoa bila ya kulitaja neno malezi. Mwanafunzi wa miaka ijayo atakayelitafuta neno hilo hatapata kitu isipokuwa mwandishi mwenyewe, au msomaji mwerevu, amekwisha tia alama pale. Kuamua kwamba kurasa hizi zinahusu malezi, wala si utii peke yake, ni tendo la uhakiki sawa na lile la kuandika sura yenyewe. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamili nilikutana na maprofesa waliofungua kitabu kipya kwa kuanzia faharasa. Nilidhani ni uvivu. Baadaye nilielewa kuwa walikuwa wakimpima mwandishi: anaijua kazi yake ni ya nini?

Suala la kupanga vidahizo limekwisha jadiliwa sana na watunga kamusi, wala sitakaa nalo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hukusanya majina mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake. Doke na Vilakazi walipanga kamusi yao ya Kizulu ya 1948 kwa mashina. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 huliweka jina chini ya umoja wake pamoja na kiambishi. Mashine pia yaweza kuelekezwa: katika LaTeX, programu ya MakeIndex hupanga kwa kufuata herufi zinazotangulia alama ya @, na kwa hivyo msimulizi anaweza kuwekwa chini ya S akitakiwa. Naona tusifanye hivyo. Mpango wa mashina humpendeza mwanaisimu na kumsumbua kila mtu mwingine, na faharasa hufunguliwa na mtu mwenye haraka. Vidahizo viwekwe katika umoja pamoja na viambishi vyake, na jamaa waliotawanyika chini ya M, U na S waunganishwe kwa "taz. pia". Ni kweli kwamba herufi M na K zitajaa. Zijae.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi kuliko yanavyopewa. Desturi ya Kizungu ya kutanguliza jina la mwisho ikifuatwa bila kufikiri itatupa "Haji, Muyaka bin" na "Msham, Mwana Kupona binti", yaani tutawaorodhesha baba badala ya watunzi. Hapana mtu Mombasa amtafutaye Muyaka chini ya H. Al-Inkishafi nayo iwekwe chini ya I, kwa sababu al- si sehemu ya kupangia, ingawa mashine isipoambiwa itaiweka chini ya A pamoja na alfabeti na aina za maneno.

Je, mwandishi afanyeje na mswada wa kurasa mia nne ambao bado unahaririwa? Aanze kwa orodha ya vidahizo, iliyoandikwa mbali na mswada, yenye tahajia moja iliyokubaliwa, ili asiwe na fonolojia hapa na umbosauti pale. Asitie alama katika sura ambayo wasomaji bado hawajairudisha. Anapohariri sura yenye alama, azidhihirishe alama hizo kwenye kioo, ijapokuwa huchafua ukurasa na kuumiza macho; na anapojenga faharasa azifiche tena, maana zikionekana huchukua nafasi, na namba za kurasa husogea. Alama aichomeke katikati ya sentensi inayoanzisha mjadala, karibu na neno ambalo halitakosekana, asiitupe mwishoni mwa aya ambako hufutwa pasipo kujulikana. Na akiona kosa katika faharasa iliyokwisha jengwa, arudi kulisahihisha kwenye alama. Anayelisahihisha katika orodha yenyewe atalikuta limerudi mara tu faharasa itakapofanywa upya.

Wachapishaji nao wana lao. Mswada ukihamishiwa katika programu ya kupangia kurasa, namba zote hubadilika, na faharasa iliyoletwa kama maandishi matupu huwa haina thamani. Mkataba useme wazi ni nani atakayezihamisha alama na ni nani atakayezikagua kurasa za mwisho. Mara nyingi hakuna anayesema, na kila mmoja hudhani ni mwenzake.

Nalo jarida kama hili lina wajibu. Tunapohakiki kitabu kipya tunasema juu ya nadharia, mtindo, hata jalada, faharasa hatuitaji. Ninapendekeza mhakiki achague dhana tatu ambazo kitabu chadai kuzieleza, moja ya ngeli ya KI-VI, moja isiyobadilika kwa wingi, na moja ambayo mwandishi hakuitaja kwa jina lake, azitafute katika faharasa, kisha aandike alichokiona.