Kusadiki na Kusadikika: Lugha ya Tuhuma katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Shaaban Robert alipoipa nchi yake ya kubuni jina la Kusadikika (1951), alichukua kitenzi akakifanya mahali. Katika hadithi hiyo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme na baraza zima kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na baraza limekwisha kuelekea upande wa mshtaki kabla mshtakiwa hajafungua kinywa. Aghalabu wahakiki wamekisoma kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni. Usomaji huo una haki yake, lakini umeliacha nyuma swali ambalo jina lenyewe linaliuliza: ni lugha gani inayoifanya tuhuma isadikike? Swali hilo si la vitabuni tu. Katika pwani ya Malindi na Kilifi limekuwa swali la uhai na mauti, hasa kwa watu ambao imani yao, au imani wanayodhaniwa kuwa nayo, haipendwi na majirani zao. Makala haya yanalichunguza kwa kuzilinganisha tuhuma za aina mbili: moja iliyoaminiwa upesi mno, na nyingine iliyokawia mno kuaminiwa.

2. Kauli isiyo na mtenda

Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya jambo hili, na vyote vina asili ya Kiarabu. Kuamini ni kumwekea mtu amana ya moyo. Kusadiki ni kulikubali neno kuwa kweli. Kwa kawaida watu huamini kwanza, kisha husadiki: humpima msemaji kabla ya kulipima neno lake. Lakini tuhuma za mtaani hazina msemaji. Huanza kwa "inasemekana" au "inasadikika kuwa". Vitenzi hivi viko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ni tofauti na ya kutendwa. Mtu akisema "imesemwa", anaweza kuulizwa "na nani?", maana kauli ya kutendwa ina nafasi ya mtenda. "Inasemekana" haina nafasi hiyo. Neno hutembea bila mwenyewe, na msikilizaji hana wa kumpima. Hapo ndipo mpangilio unapogeuka: kwa kuwa mtuhumu hayupo, anayepimwa ni mtuhumiwa. Akiwa mtu asiyeaminika, tuhuma yake husadikika bila ushahidi.

Uteuzi wa vitenzi nao huhukumu. Anayesema fulani "amesingiziwa" amekwisha kuamua kuwa habari ni uongo. Anayesema maovu yake "yamefichuliwa" amekwisha kuamua kuwa ni kweli. Kutuhumu peke yake ndiko kunakoacha mlango wazi, na ndilo neno ambalo mtaani husikika kwa nadra.

3. Mvi kama ushahidi

Kwa miaka mingi wazee wa Kimijikenda wameuawa katika Kilifi kwa tuhuma ya uchawi. Si kila aliyeuawa alikuwa mganga au mzee wa kaya. Hata hivyo, tuhuma huwaangukia kwa wepesi wale wanaoonekana kuwa wa dini ya kale: wanaozijua koma za wahenga, wanaovitunza vigango, wanaotajwa pamoja na kaya. Misitu hiyo ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Lakini heshima iliyopewa msitu haikumfikia mzee aliyeulinda. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo jirani yake, mzee huyo amebaki na jina la mpagani, na kutoka mpagani hadi mchawi ni hatua moja. Mvi, ambazo katika adabu za pwani zilikuwa dalili ya busara, zimegeuka kuwa dalili ya hatia, hata baadhi ya wazee huzipaka rangi nyeusi wapate kusalimika. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, kutafuta hifadhi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ardhi: vijana humtuhumu mzee ili wairithi shamba. Maelezo haya ni ya kweli, lakini ni nusu. Ardhi inaeleza kwa nini mtuhumu anasema. Haielezi kwa nini jirani, ambaye hatapata hata pima moja ya shamba hilo, anasadiki. Jirani ana kifo cha mtoto, mvua iliyokatika, au mgonjwa asiyepona. Mbaazi akikosa maua husingizia jua, na mtu aliyefikwa na msiba hutafuta jina la kuuita msiba wake. Neno la Kigiriama utsai lilikuwa tayari kabla ya tukio. Lilisubiri mwenyewe tu.

Ikumbukwe kwamba katika mila kulikuwa na kiraho, yaani kiapo cha majaribio kama kile cha shoka la moto. Kiraho hakikuwa mahakama ya haki, wala hakifai kutamaniwa. Lakini kilimtaka mshtaki ajitokeze na adai lake. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 nayo imefanya kuwa kosa kumwita mtu mchawi nje ya vyombo vya serikali. Tuhuma ya leo imeponyoka kote kuwili: haina kiapo, na haina jina la kupelekwa mahakamani.

4. Neno lenye heshima

Mwezi Aprili 2023 yaligunduliwa makaburi katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie na kanisa lake la Good News International, ambao inadaiwa walifundishwa kujinyima chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri huyo alikana mashtaka. Hapa habari haikuwa haba: mhubiri alikwisha kushtakiwa mwaka 2017 kuhusu mafundisho yake, na Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya 2024, iliwalaumu maofisa wa usalama wa Malindi kwa kuzipuuza taarifa walizopewa.

Kwa nini tuhuma hii, yenye wasemaji na ushahidi, ilikosa masikio? Uzembe wa maofisa ni sababu, lakini lugha nayo ilitoa kivuli. Kufunga ni neno lenye heshima katika pwani nzima. Mwislamu hufunga Ramadhani, Mkristo hufunga akiomba, na hakuna anayemshuku mfungaji. Neno hilohilo liliwafunika watu waliokuwa wakifa. Mzee wa Ganze hakuwa na neno la namna hiyo la kumfunika. Kwa hiyo tofauti ya tuhuma hizi mbili haimo katika uzito wa ushahidi, bali katika umbali uliopo kati ya msamiati wa mtuhumiwa na msamiati wa wasikilizaji.

Baada ya makaburi kuonekana, mambo yalipinduka. Jina Shakahola likawa kipimo cha kuwapimia watu wengine, na makanisa madogo yasiyohusika yakatazamwa kwa jicho lilelile. Waliokuwa hawasadiki lolote sasa walikuwa tayari kusadiki kila kitu. Huko si kujifunza. Ni kosa lilelile lililogeuzwa upande.

5. Ushuhuda wa methali

Methali za Waswahili zinajulikana kwa kupingana, na katika jambo hili zimegawanyika waziwazi. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" huipa tuhuma hati kabla ya ushahidi. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" huipeleka hatia kutoka kwa mtu hadi kwa kundi. Kwa upande wa pili, "kuku mgeni hakosi kamba mguuni" humtambulisha mtuhumiwa kwa ugeni wake, si kwa tendo lake, na "akutukanaye hakuchagulii tusi" hutuonya kuwa tusi ni habari ya mtukanaji.

Jambo hili si la pwani peke yake. Wakristo wa kwanza chini ya dola ya Roma walituhumiwa kula watoto wachanga. Naye Tertullian aliwatetea kwa maandishi mnamo mwaka 197. Kuanzia kisa cha Norwich, Uingereza, cha mwaka 1144, Wakristo wa Ulaya waliwatuhumu Wayahudi kuwaua watoto wa Kikristo. Tuhuma ilikaribia kuwa ileile. Mtuhumiwa wa jana ndiye aliyekuwa mtuhumu wa leo. Hadithi hutangulia, kisha hutafuta wa kuvishwa.

6. Hitimisho

Karama wa Shaaban Robert aliokoka kwa sababu alipewa siku sita za kusema, na kwa sababu mshtaki wake alikuwa amesimama mbele yake. Mzee anayefuatwa usiku hapewi hata dakika sita, na mtoto aliyekuwa Shakahola hakuwa na baraza la kumsikiliza. Wanaofundisha lugha wana la kufanya hapa, nalo si dogo: kuwazoeza wanafunzi kuirudisha kauli ya kutendeka katika kauli ya kutenda. Panaposemwa "inasemekana", pawe na mwenye kuuliza ni nani asemaye, aliona nini, na lini. Swali hilo likiulizwa, uvumi juu ya mzee mwenye mvi utakosa miguu, na kilio cha jamaa wa waliofungiwa msituni kitapata masikio.