Kobalti Ilivyotolewa Kwenye Betri

Likitajwa gari la umeme hapa Goma, wengi huitaja Rubaya. Machimbo yale ya Masisi hutoa koltani nyingi, lakini tantali inayopatikana humo huenda kwenye kapasita, vile vipande vidogo vya saketi za simu na kompyuta. Umeme unaosukuma magurudumu hauhifadhiwi humo. Madini ya Kongo yaliyobeba kazi hiyo ni kobalti, nayo huchimbwa mbali kusini, Kolwezi na Fungurume. Tunapaswa kuelewa jinsi wahandisi walivyojifunza kuiacha.

Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walitengeneza kathodi, yaani ncha chanya ya betri, ya oksidi ya lithiamu na kobalti. Sony iliingiza betri za aina hiyo sokoni mwaka 1991. Kobalti ni kama asilimia 60 ya uzito wa kathodi hiyo. Kwa simu, gharama ya kobalti hiyo inavumilika; kwa gari lenye betri ya mamia ya kilo, haivumiliki. Tena, kathodi hiyo ikipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni, na moto ukiwaka unajilisha wenyewe.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuipunguza kobalti. Kobalti, nikeli na manganizi zikichanganywa sawa kwa sawa, kobalti hushuka hadi asilimia 20 hivi ya uzito wa kathodi. Nikeli ikiwa sehemu nane, na nyingine moja moja, kobalti hubaki asilimia 6 tu. Gari huenda mbali zaidi, ila nikeli nyingi huifanya betri iwe rahisi kuharibika kwa joto.

Dawa ya pili ilikata mzizi. Mwaka 1997 Goodenough, akiwa Texas na mwenzake Akshaya Padhi, alichapisha utafiti wa fosfeti ya lithiamu na chuma. Ndani yake fosforasi huishika oksijeni kwa nguvu, hivyo hatari ya moto hupungua sana. Tatizo ni kwamba unga huo haupitishi umeme vizuri. Michel Armand na watafiti wa Hydro-Québec, Kanada, waliufunika kwa utando mwembamba wa kaboni. Chembe nazo zikafanywa ndogo mno ili ioni zisisafiri mbali.

Bado kila kilo ya betri hii ilibeba umeme kidogo kuliko kilo ya betri ya nikeli. Hapo ndipo ninapouona ufundi mkubwa zaidi, kwa sababu jibu halikutoka kwenye kemia bali kwenye sanduku. Zamani seli zilifungwa katika visanduku vidogo, kisha visanduku hivyo vikapangwa ndani ya sanduku kubwa. Nafasi nyingi ikaliwa na kuta na nyaya. Mwaka 2019 kampuni ya CATL ya China ilianza kupanga seli moja kwa moja ndani ya sanduku la gari. Mwaka uliofuata kampuni ya BYD ikaleta seli ndefu, nyembamba, ambazo zenyewe zinaliimarisha sanduku. Kufikia 2024, betri za fosfeti zilikuwa karibu nusu ya soko la magari ya umeme duniani.

Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti baada ya bei kuporomoka, na Oktoba ikaweka viwango vya kuuza nje. Bei ilishushwa hasa na kobalti kuzalishwa kupita mahitaji. Hata hivyo, naona hatari wazi katika kuipandisha kwa kubana mauzo: kila bei inapopanda, kiwanda kinapata sababu nyingine ya kuhamia kwenye fosfeti.

Kwa motari, dereva wa pikipiki wa Goma, betri ya fosfeti inafaa. Huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka, na udhaifu wake kwenye baridi kali hautuhusu. Kigali, pikipiki za Ampersand zimekuwa zikibadilishiwa betri vituoni tangu 2019, nasi tuna umeme wa maji wa kituo cha Matebe. Ukienda kununua pikipiki ya umeme, muulize muuzaji kathodi ni ya aina gani, na dhamana ni ya kuchaji mara ngapi. Usiridhike na voltimita kukuonyesha chaji iliyobaki: volti za fosfeti hubaki karibu palepale hadi chaji inapokaribia kuisha. Dai betri yenye kifaa cha kuhesabu umeme unaoingia na kutoka.