Nyota Tano, Lakini za Kiti

Soma maoni kumi kuhusu duka lolote la kahawa Nairobi, halafu hesabu ni mangapi yanazungumzia kahawa. Utapata taa, mimea, waifai, choo safi, maegesho, weita aliyetabasamu. Kahawa yenyewe hupewa neno moja: "poa". Mtu anatoa nyota tano na hajakwambia kama kile kikombe kilikuwa kichachu, kikali au kimeungua.

Basi nikaamua kuzunguka mwenyewe, kwa hela zangu, mwezi mzima. Maduka matatu na base moja ya mtaani. Kila mahali niliagiza kahawa nyeusi, bila sukari na bila maziwa, maana maziwa huficha dhambi nyingi. Kila mahali niliuliza swali moja: hii kahawa imetoka wapi? Na kila mahali niliketi mpaka nikajua kama nimechokwa. Majina nayaacha. Ukiishi hapa utayatambua, na kama si hayo basi utakuwa umekaa kwenye ndugu zao.

La kwanza liko ndani ya mall, Westlands. Kikombe ni bob 380. Ukutani kuna bango linalojisifu kwamba wanauza AA pekee. Nimewahi kusikia watu wakitaja AA kama vile ni cheo cha jeshi, lakini AA ni kipimo cha ukubwa wa punje. Punje inapita au haipiti kwenye chekeche, basi. Punje kubwa inaweza kukaangwa vibaya kama punje nyingine yoyote, na hii ilikuwa imekaangwa vibaya: nyeusi tititi, ladha ya mkaa, na baada ya mkaa hakuna kitu. Nilipouliza imetoka wapi, weita alifikiri kidogo akasema, "Kenya, madam." Jibu sahihi, lakini ni kama kuuliza mtu anaishi wapi akwambie duniani. Kiti chenyewe, kusema kweli, kilikuwa kizuri sana. Mto nyuma ya mgongo, soketi chini ya meza, muziki usiozidi.

La pili ni la wakaangaji wenyewe, Kilimani. Mashine ya kukaangia iko palepale dukani, inanguruma kama mathree ya zamani. Kikombe ni bob 400. Hapa swali langu lilijibiwa kwa dakika nane. Jamaa wa kaunta alinitajia kaunti, chama cha ushirika, hata mbegu: SL28, moja ya zile zilizochaguliwa na Scott Laboratories hapa nchini miaka ya 1930. Kikombe kilistahili hotuba yake. Kilikuwa na uchachu safi, wa chungwa mwanzoni, halafu kitu kama ukwaju, na utamu uliobaki ulimini hadi nikafika Yaya. Ile kadi waliyoweka mezani ilizungumzia matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu tunayajua kupitia soda tu. Mngeandika ukwaju, wasee. Ulimi wetu pia umeenda shule.

Lakini viti! Stuli nne ndefu za mbao, bila pa kuegemea, zikitazama ukuta. Baada ya dakika ishirini mgongo ulinikumbusha kwamba kuna nyumbani. Hawakunifukuza, stuli ilifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

La tatu liko katikati ya mji, ghorofa ya kwanza, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kahawa yake ni mbaya. Ilikuwa imekaa kwenye joto muda mrefu, imechacha, na rangi yake ilikuwa ya maji yaliyoosha sufuria. Bob 300. Swali langu lilijibiwa na weita aliyekuwa mkweli kuliko wote: "Huletwa na gari Jumatatu, siste." Na bado saa nne asubuhi lilikuwa limejaa pomoni.

Niliangalia ni nani amejaa. Kijana mwenye suti ya kuazima, bahasha mezani, anapiga simu kila nusu saa. Wasichana wawili wanaandika kazi za watu wa ng'ambo kwenye laptopu moja. Mama anayeuza viatu mtandaoni, mfuko uko miguuni, wateja wanapanda ngazi kuchukua. Kikombe kimoja kila meza, kimepoa tangu zamani. Hakuna aliyekuja kunywa. Wamekodi ofisi, na lile kombe ni risiti.

Tufanye hesabu. Kikombe kizuri kinahitaji gramu 18 hivi za kahawa, kwa hivyo kilo moja iliyokaangwa inatoa vikombe kama 55. Kupata kilo hiyo, unahitaji kama kilo nane za cheri, yale matunda mekundu mkulima anayopeleka fakitori. Tuseme mkulima amelipwa bob 120 kwa kilo. Hiyo ni bei ya mwaka mwema. Kuna vyama vilivyolipa zaidi na vingi vimelipa chini yake. Kilo nane ni bob 960. Gawa kwa 55, unapata kama bob 17 kwa kikombe.

Kumi na saba kati ya mia tatu. Najua kuna kodi ya nyumba, stima, mishahara, mashine na ushuru, na sisemi mwenye duka ni mwizi. Nasema tu tuite vitu majina yake. Kile tunacholipia pale juu, sehemu kubwa mno, ni nafasi ya kukaa. Nairobi haina nyingi za bure. Kuna Jeevanjee Gardens, ukiwavumilia wahubiri wa saa saba. Kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, lakini maktaba haikuruhusu kupiga simu ya kazi. Baada ya hapo ni ngazi za majengo, na askari atakuuliza unangojea nani.

Hapo ndipo wengi wetu hupenda kusema: achana na hizo mall, rudi mtaani, kahawa tungu ndiyo yenyewe. Nikaenda. Base iko kwenye kona moja Eastleigh, inaanza jua likizama. Birika juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, tangawizi ya kutosha kufungua pua, kashata kwenye sahani. Bob 20. Kahawa imekaangwa sana na kuchemshwa sana, lakini inajua inachotaka kuwa: chungu, moto, kali, halafu kashata inakuja kuipooza. Hiyo ni kazi ya mapishi iliyofikiriwa, kuliko kile kikombe cha Westlands. Swali langu nililiuliza kwa heshima: "Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Naitoa River Road, dada, imesagwa tayari. Kabla ya hapo muulize Mungu."

Kulikuwa na benchi refu, wanaume saba, na mimi. Maongezi matamu: siasa, mpira, bei ya sukari. Hakuna aliyenikosea heshima. Mmoja hata alinisogezea nafasi. Lakini ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeulizwa mara tatu namngojea nani. Mara ya tatu nikagundua kwamba swali hili si geni kwangu. Ni lilelile la askari wa ngazi. Ilipofika saa mbili unusu usiku nilikuwa nishaanza kuangalia simu na kupiga hesabu ya stage iko mbali kiasi gani. Wale saba hawakuwa na hesabu hiyo.

Kule ghorofani nilikaa saa tatu na hakuna aliyeniuliza chochote. Kwa hiyo ile 280 inayobaki, ukiwa mwanamke uliye peke yako, inanunua kitu cha kweli: haki ya kutoelezea kwa nini upo. Kwa hivyo siwezi kumcheka yule msichana anayetoa nyota tano kwa duka lenye kahawa mbovu. Anajua alichonunua.

Ugomvi wangu naye ni mmoja tu. Nyota zake hazitenganishi kitu na kingine, na maduka husoma nyota. Tukisifu mimea na taa peke yake, pesa itaenda kwenye mimea na taa. Kahawa nzuri na mbaya zitapata sifa ileile, na mwenye duka hatakuwa na sababu ya kutafuta fakitori inayochambua cheri zake vizuri na kuilipa zaidi ya bob 17. Yule jamaa wa Kilimani ataendelea kuhubiria stuli nne.

Kwa hivyo naomba tutoe alama mbili badala ya moja: ya kikombe na ya kiti, kila moja kwa kumi. Na tuulize imetoka wapi, kwa sauti, kila wakati. Weita akiulizwa mara ishirini kwa siku atampelekea meneja swali hilo.

Hizi ni zangu. Westlands: kikombe 3, kiti 8. Kilimani: kikombe 9, kiti 3. Mjini ghorofani: kikombe 2, kiti 9, na nitarudi wiki ijayo maana nina kazi ya kumaliza, nitaagiza chai. Base ya Eastleigh: kikombe 7. Kiti, ukimuuliza kaka yangu, ni 9. Kwangu mimi, baada ya jua kuzama, ni 4.