Irma Stern Alipoulaza Mwimo

Picha yenyewe ni nzuri, na hilo lisemwe mapema ili lisirudiwe. "Arab Priest" ya mwaka 1945 ina rangi ya mafuta iliyopakwa nzito na kwa kasi, na uso wa mzee unamshika mtazamaji. Kosa la Irma Stern liko nje ya turubai, upana wa kiganja tu kutoka kwenye rangi. Liko kwenye fremu.

Wanaoijua picha hiyo, hata kwa kuiona kwenye simu, wanaijua na fremu yake: mbao pana za hudhurungi zilizojaa nakshi. Si mbao za kuigiza. Stern, aliyezaliwa Schweizer-Reneke nchini Afrika Kusini mwaka 1894 na kusomea uchoraji Ujerumani, alifika Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Picha za safari hizo akazitia fremu za mbao zilizotoka kwenye milango ya nakshi ya kisiwa hicho. Hakufanya hivyo mara moja kwa bahati mbaya. Alirudia picha baada ya picha, na mpaka leo wauzaji wa minada huitaja fremu ya Zanzibar kama sifa inayopandisha bei.

Ni uharibifu. Ili kuona ukubwa wake, inabidi kuusoma mlango jinsi fundi alivyouchonga.

Mlango wa pwani una miimo miwili iliyosimama kulia na kushoto, kizingiti juu, mfaa katikati, na mbao mbili za kufunga. Nakshi nzito huwa kwenye miimo na kizingiti, na ina mpango. Kwenye milango mingi ya Zanzibar, chini kabisa ya mwimo kuna samaki. Pembeni kuna mistari ya mawimbi inayopanda. Juu ya samaki hufuata mmea, mara mtende, mara ubani, pamoja na maua ya duara, na kandokando mnyororo unazunguka mlango mzima bila kukatika. Huko juu, kwenye kizingiti, fundi huweka aya ya Kurani au mwaka wa kujengwa nyumba. Jicho la mgeni anayebisha hodi huanzia majini na kuishia kwenye maandishi.

Hiyo ni picha ya bandari. Ina maji, ina samaki, ina tende na ubani zilizokuwa zikiletwa na majahazi, na inakaa kwenye nyumba ya mtu aliyeishi kwa biashara hiyohiyo. Stern alikuwa mpenzi wa bandari. Alizichora za Madeira kabla ya kufika Zanzibar. Kazi ya bandari iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa mbele yake barabarani, imechongwa na mtu aliyeyajua maji yale. Ikaingia kwenye msumeno.

Hesabu yake ni rahisi. Mwimo ni mrefu kuliko mtu, na picha ya mtu kuanzia kifuani kwenda juu haifiki urefu huo. Kwa hiyo mwimo lazima ukatwe vipande. Fremu ina pande nne, mbili zinasimama na mbili zinalala, na hapo ndipo mpango wote wa fundi unapovurugika. Mmea uliokuwa ukipanda sasa umelala ubavu. Wimbi lililokuwa likipanda pembeni linakatizwa mezani kwa seremala wa fremu. Mnyororo uliochongwa ili usikatike unakatika kwenye kona nne. Samaki, kama kipande chake kimebahatika kuingia, anaweza kujikuta juu ya kichwa cha mzee wa watu.

Kuna pia suala la kina cha patasi. Nakshi ya mlango huchongwa kwa jua la nje. Mwanga unashuka kutoka juu, kivuli kinajaa kwenye mfereji, na ua linaonekana kutoka upande wa pili wa uchochoro. Iweke nakshi hiyo ndani, ukutani, chini ya taa, na vivuli vinapotea nusu. Kisha iweke kando ya rangi nzito ya Stern, na vitu viwili vyenye mikwaruzo vinagombea jicho moja. Mchoraji makini wa rangi kama yeye alipaswa kuliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Watetezi wake wana hoja moja ya zamani: nyumba zilikuwa zikibomoka, mbao zingeishia kuwa kuni, afadhali ziwe fremu. Hoja hiyo inavunjwa na Stern mwenyewe. Nyumbani kwake, The Firs, mtaa wa Rosebank mjini Cape Town, ambako baadaye palifanywa makumbusho, aliweka milango ya Zanzibar ikiwa milango. Alijua kwamba mlango unaweza kusafirishwa mzima na kusimamishwa mzima. Alikuwa na njia mbili, na kwa picha zake akachagua msumeno.

Mtu wa Garsen, nchini Kenya, haelezwi jambo hili mara mbili. Kando ya Mto Tana, Mpokomo huchonga mtumbwi kutoka gogo moja, na anayeukata katikati ili apate viti viwili vyenye umbo la kupendeza hasifiwi na mtu kwa jicho lake la sanaa. Mteremke mto hadi Kipini, penye mikoko ya jamii ileile iliyotoa boriti za kuezekea nyumba za mawe za pwani. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya Lamu na Unguja. Ndiyo maana ni vyembamba. Katika nyumba hizo hakuna mti uliokuwa pambo tupu, na mlango ndio uliobeba maneno mengi zaidi.

Waliochora bandari vizuri pwani hii hawakuhitaji kuvunja kitu. Kuna mikwaruzo ya vyombo vya tanga kwenye lipu ya chokaa huko Gede, Kilwa na Songo Mnara: mlingoti, kamba, tanga, basi. Aliyeikwaruza alijua kila kamba imefungwa wapi. Kuna askari wa Kireno waliopaka meli na watu kwa makaa na udongo mwekundu ukutani ndani ya Fort Jesus. Hawa, pamoja na wachongaji wa Siyu na Lamu, wanampita kwa mbali kila anayeuza leo jua la machweo nyuma ya jahazi ambalo tanga lake limejaa upepo huku bendera ikipepea upande mwingine. Michoro hiyo ipo kila hoteli, na kila mwaka inaongezeka.

Kinachouma zaidi ni maandishi ya minada. "Arab Priest" iliuzwa na Bonhams mjini London mwezi Machi 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikanunuliwa na Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar. "Bahora Girl", ya mwaka huohuo wa 1945, ilikuwa imeuzwa Oktoba 2010 kwa karibu pauni milioni 2.4. Kwa fedha hizo, mnunuzi anastahili kuambiwa fremu ni mti gani, kipande ni cha mwimo au cha kizingiti, na upande upi ulikuwa juu. Wataalamu wa mbao na nakshi wanaoweza kuyasoma hayo wapo Lamu na Unguja. Anayeandaa mnada ujao wa picha ya Stern yenye fremu hiyo awaite kabla ya kuchapisha katalogi.

Kenya haina mamlaka juu ya mlango wa Unguja, lakini kipimo inacho. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, inapotaja vitu vinavyolindwa, inaanza na mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na kitu kama hicho hakitoki nchini bila kibali. Stern alirudi Zanzibar mwaka 1945. Mbao alizozikata zingetolewa Lamu leo, zingehitaji kibali hicho, hata zikiwa zimeshagongewa picha katikati.