Ipime Programu Inapotoa Faili

Mtu anayetengeneza tovuti akitafuta programu ya kuhariri picha, kwanza huuliza bei, kisha huuliza kama inafanana na Photoshop. Maswali yote mawili yanampoteza. Bei siku hizi si kikwazo kikubwa. GIMP, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 1996. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, na anayeitumia bila kulipa huvumilia matangazo ya pembeni tu. Affinity, ambayo kampuni ya Serif ya Uingereza ilikuwa ikiiuza, iligeuzwa ya bure Oktoba 2025 baada ya Canva kuinunua Serif mwaka uliotangulia. Kuhusu kufanana na Photoshop, hayo ni mazoea, na mkono hauchelewi kuzoea.

Kwa kazi ya wavuti, programu nzuri huonekana pale inapotoa faili. Anayeandaa bango la kuchapwa anaweza kuusamehe uzito wa picha, maana karatasi haili bando. Tovuti inafunguliwa na mtu aliye ndani ya daladala, mwenye bando la siku moja na mtandao unaokatika, na hatasubiri picha ya mega sita ishuke.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, ipe programu kazi ngumu. Kipimo ninachokiamini ni picha ya kanga mpya: pindo jeusi, mji mwekundu, jina limeandikwa kwa herufi nene juu ya nyeupe. Ipige kwa simu kwenye mwanga wa kawaida. Utapata picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Sasa iambie programu iipunguze hadi upana wa pikseli 1200. Zitabaki pikseli milioni moja na kidogo, kwa hiyo programu inapaswa kuamua kitakachobaki kati ya kila pikseli 11 hivi. Hapo ndipo ustadi wake unapojulikana.

Itazame kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, si ile iliyobanwa ikae kwenye dirisha. Je, nyuzi za pamba zimezaa mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayapo? Je, herufi zina ngazi-ngazi pembeni? Kuna mstari mweupe unaolizunguka pindo kana kwamba mtu amelichora kwa chaki? Huo wa mwisho ni dalili ya programu inayokazia makali kupita kiasi, na wengi huufurahia kwa sababu picha "inang'aa". Programu iliyokomaa hukupa njia kadhaa za kupunguza, uchague mwenyewe. GIMP inazo NoHalo na LoHalo, zilizobuniwa kupambana na mstari huo mweupe. Affinity inayo Lanczos. Ile inayokupa kitufe kimoja tu bila kukuambia inafanya nini, iangalie kwa shaka.

Kisha toa JPEG. Umbo hili la faili, linalotumika tangu mwaka 1992, hupunguza uzito kwa hila inayotegemea udhaifu wa macho yetu: huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huichukua mara nyingi kwa kipimo kimoja kwa kila pikseli nne. Kwenye uso wa mtu au mawingu huoni tofauti yoyote. Kwenye kanga, nyekundu inavujia kwenye nyeupe, na herufi zinakuwa kama zimeloa. Programu inayostahili kukaa kwenye kompyuta ya mbunifu wa tovuti inakuruhusu kuizima hila hiyo, na inakuonyesha picha na uzito wa faili papo hapo unaposogeza kiwango cha ubora. GIMP inafanya hivyo. Paint.NET nayo, programu ndogo ya Windows, inafanya hivyo vizuri ajabu. Programu inayokulazimu kuhifadhi, kutoka, kwenda kuangalia uzito kwenye folda, kisha kurudi, itakuchosha kabla ya mchana.

Kwenye dirisha hilohilo la kutolea faili tafuta mambo mengine mawili. La kwanza ni taarifa zilizofichwa ndani ya picha. Simu nyingi zinaweza kuandika humo mahali picha ilipopigwa. Mama anayeuza kanga nyumbani kwake hapaswi kuitangazia dunia ramani ya kwake kwa sababu tu mbunifu hakuondoa alama ya tiki. La pili ni wigo wa rangi. Simu za iPhone hupiga picha kwa wigo mpana kuliko sRGB, ambao ndio kawaida ya wavuti. Ukiifuta taarifa ya rangi bila kwanza kuigeuza picha iwe sRGB, nyekundu ya mji inapauka, na mteja atasema umemharibia bidhaa. Atakuwa hajakosea.

Uwezo wa kutoa WebP, umbo jingine la faili la picha, sasa ni sharti. Google waliileta mwaka 2010, Safari ikaikubali mwaka 2020, na leo vivinjari vyote vikubwa vinaisoma, kwa uzito ambao kwa kawaida ni mdogo kuliko JPEG ya ubora uleule. Umbo la AVIF ni nyongeza nzuri. Habari ya dpi 72, ambayo bado inafundishwa madarasani, achana nayo: kivinjari kinahesabu pikseli, basi.

Jaribio linalofuata lifanye kesho yake. Fungua faili la kazi la bango lolote la tovuti ubadilishe bei iliyoandikwa humo. Wateja hubadilisha bei. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hapa ndipo Paint.NET niliyoisifu inapokwama: ukishamaliza kuandika, maneno yanakuwa sehemu ya picha, na huwezi kuyahariri tena. Kwa miaka mingi GIMP nayo ilikuwa na kasoro inayofanana upande wa vichujio, ambavyo vilikuwa vikiganda kwenye leya mara unapovitumia. Toleo la 3.0 la Machi 2025 liliondoa kasoro hiyo, kwa hiyo lawama nyingi unazosikia dhidi ya GIMP ni za toleo la zamani. Sura yake bado haivutii, nakubali.

Kuhusu kutoa usuli, usidanganywe na kitufe cha kubofya mara moja. Weka ulichokikata juu ya rangi nyeusi. Kama kimebeba ukingo mweupe, kazi bado. GIMP ina amri inayogeuza rangi moja kuwa uwazi, na kwa kivuli laini au glasi iliyopigwa juu ya nyeupe sijaona kitu cha bure kinachoishinda.

Nembo usiihariri humu kabisa. Nenda Inkscape, ambayo nayo ni ya bure, uitoe kama SVG. Itabaki kali kwenye kioo cha ukubwa wowote.

Yapo majaribu ya Photoshop iliyokrakiwa, inayotembea kwenye flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mbali na sheria na virusi, kwa kazi hii haikupi kitu ambacho hizi za bure haziwezi, na Adobe wenyewe wanataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kubahatisha, GIMP toleo la 3. Mwenye kompyuta yenye nguvu, anayetaka sura nadhifu na haoni tabu kujisajili Canva, achukue Affinity, mradi anatumia Windows au Mac, kwa sababu ya Linux haipo. Photopea iweke kwenye alamisho za kivinjari kwa siku mteja atakapokutumia faili la PSD, yaani la Photoshop. Inalifungua vizuri, na kazi hufanyika ndani ya kompyuta yako bila picha kupakiwa kwenye seva yao. Na kabla hujalipia chochote, ipe programu picha ya kanga kwanza, kisha uitazame kwenye simu ya bei rahisi kabisa utakayoweza kuazima.