Alama Si Picha: Tuhakiki Jedwali la Alt

Huenda umewahi kutumiwa kwenye WhatsApp ile picha ya jedwali la namba: shikilia Alt, andika 248, achia, unapata °. Andika 230 unapata µ, 253 unapata ². Leo tunalihakiki jedwali hilo kama tunavyohakiki kitabu, maana kwa wanafunzi wengi ndilo kitabu pekee cha somo hili.

Tuanze na sifa zake. Halili bando, halidai usakinishe programu yoyote, na linaokoa muda. Mwanafunzi wa kemia anayeandika kuhusu nikeli ya Kabanga, kule Ngara, hana haja ya kuacha nafasi kwenye ripoti ili aje aichore ² kwa kalamu. Ila halimwambii kwamba namba hizo zinaandikwa kwa vitufe vya upande wa kulia wa kibodi. Leptopu nyingi ndogo hazina vitufe hivyo, na ukitumia namba za safu ya juu huambulii kitu. Mtu anadhani kompyuta yake ni mbovu, kumbe maelekezo ndiyo pungufu.

Kasoro kubwa ni nyingine: jedwali linamzoesha mtu kuchagua alama kwa sura. Kompyuta haitazami sura, inatunza namba. Alama mbili zinazofanana kama mapacha, kwake ni watu wawili tofauti.

Chukua 167. Inatoa º, na ni rahisi sana kuidhania alama ya nyuzi joto. Kumbe hiyo ni "o" ndogo inayotumika katika Kihispania na Kireno kuandika "wa kwanza", "wa pili". Ya nyuzi ni ile ya 248.

Mfano mwingine unagusa lugha za Ngara zenyewe. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na katika Kirundi "b" mara nyingi hutamkwa bila midomo kufungana kabisa. Wanaisimu huiandika sauti hiyo kwa β, beta ya Kigiriki. Sasa mwanafunzi anayekusanya maneno kwa wazee anapekua jedwali, anaona 225, anabonyeza, anapata ß. Hiyo ni "s" ya Kijerumani! Kwenye karatasi hakuna atakayeshtuka. Lakini siku mtafiti mwingine akitafuta β ndani ya faili hilo, kompyuta itamjibu kuwa hakuna. Neno lipo, ila halipatikani tena.

Hii ina historia. Namba hizi fupi tumezirithi kutoka kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, yenye nafasi 256 tu za alama. Nafasi ya 225 ilibanwa itumike kwa ß na kwa beta pia. Baadaye Windows ikaihesabu kuwa ß. Lugha zetu hazikuwamo kwenye hesabu hiyo. Lugha nyingi za Kibantu, tofauti na Kiswahili, hutenganisha maneno kwa toni. Ukitaka á, ipo kwenye 160. Ukitaka ǎ, ya toni inayopanda, haimo kabisa.

Dawa ipo. Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, huipa kila alama namba yake. Kwenye Microsoft Word andika 03B2, kisha bonyeza Alt na X: unapata β halisi. 01CE inatoa ǎ, na 00B0 inatoa °. Vitufe vya kulia havihitajiki. Na kama una kurasa nyingi, programu ya bure ya Keyman inakuwezesha kutumia kibodi iliyopangwa kwa ajili ya lugha unayoiandika.

Kwa nini tunakazania jambo hili? Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha za nchi hii. Kazi ya kukusanya maneno ya Kihangaza na Kishubi cha Ngara, au Kisubi na Kizinza cha Biharamulo, bado ni kubwa, na wazee hawatusubiri.

Basi jedwali lina msaada kwa ² na °, lakini si la kuandikia lugha. Hebu fungua faili lako, simamisha kile kijistari kinachometameta mara tu baada ya alama unayoitilia shaka, bonyeza Alt na X. Word itakuonyesha namba yake. Ukiona 00DF mahali ulipotaka 03B2, sahihisha leo, kabla hujamtumia mtu mwingine.